Tembo Aliyejua Jina

Kwenye mlango wa friji yetu hapa Blacktown, Sydney, nimelala usingizi tangu kabla ya korona. Mdomo uko wazi kidogo, kitambaa cha jasho kimetandazwa kichwani kama mfuniko wa chungu, na leso yangu imepitishwa kwenye mikanda ya mikoba yote ya familia, kisha ikafungwa kwa fundo gumu kwenye kifundo cha mguu wangu, ili mwizi akivuta mkoba anivute na mimi. Picha hiyo imeshikiliwa na sumaku ya tembo wa buluu mwenye tai ya dhahabu. Anayetaka maziwa hunifungua. Aliyepata alichotaka hunifunga.

Tembo huyo anaitwa Bombo. Kuna kampuni moja ya burudani inayomfuga duniani kote. Imemjengea bustani ya michezo Kalifonia, nyingine Japani, na nyingine huku Australia, jimbo la Queensland. Kote yuko yuleyule, tai ileile, masikio yaleyale. Kwetu Timau, chini ya Mlima Kenya, tembo akiingia shambani watu hupiga madebe na kuwasha mioto mpaka alfajiri. Huku watu hupanga foleni juani ili awakumbatie.

Mimi niliingia kwenye picha hiyo hivi. Tulipomzika mume wangu, mwanangu wa pekee Rufus alinishika mkono akasema, "Mama, ukija Sydney umefika. Usiache mguu mmoja nyuma." Nikamwachia shemeji yangu Zakayo nyumba ya Timau pamoja na kila kilichokuwamo, hata mafiga ya jikoni, maana mtu aliyefika anataka mafiga ya nini? Nikaja Desemba. Januari wakanipeleka Queensland kumwona Bombo. Machi dunia ikafungwa milango, na mgeni akawa mwenyeji kwa amri ya ugonjwa.

Wajukuu wangu ni wawili, wote wasichana. Mkubwa ni Wangari, na Wangari ni mimi. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, wala si kwa heshima tu. Ni kwamba bibi amerudi, na atakapokufa hatakuwa ameondoka kabisa. Ndiyo maana Rufus humwita mwanawe "Mama" na hakuna anayecheka. Mdogo ni Njeri, jina la mama yake mkwe wangu Joyceline. Huyo Njeri mkubwa ni mwalimu mkuu mstaafu, anaishi na binti yake mwingine huko Kalifonia, na hupaka rangi ya mdomo hata anapokuwa peke yake nyumbani.

Mwaka wa pili wa korona ulitubana kuliko wa kwanza. Upande wetu wa mji, huku magharibi, ndio uliofungwa kwa kufuli kubwa. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa kama mwewe aliyeona vifaranga. Rufus alikwenda kazini kwenye nyumba ya wazee, Joyceline hospitalini, wakirudi wanavua nguo gereji kabla ya kumgusa mtu. Watoto nilibaki nao mimi. Walisoma mezani jikoni, kila mmoja na kompyuta yake, nami nikiosha vyombo nyuma yao taratibu, nisigonganishe vijiko.

Kila asubuhi mwalimu wa Wangari alisoma majina. Lilipofika la kwetu, ulimi wake ulijikwaa. Mara aseme Wongeri, mara Wangaree, siku moja akaliruka akasema tu "na wewe, mpenzi." Darasa lilicheka. Mtoto aliitika, na mimi kwenye sinki nikaitika naye chini kwa chini, "Nipo." Ulianza kama mzaha, ukawa desturi. Hakugeuka, lakini chini ya meza niliona vidole vyake vya mguu vikikunjuka, nikajua anatabasamu. Wawili tuliitwa kwa jina moja lililovunjwa, na wawili tukalitengeneza.

Masomo yakiisha, ugomvi ulikuwa mmoja: bustani gani ya Bombo ni bora? Walikuwa wamekwenda Kalifonia kwa Njeri mkubwa, na Queensland pamoja nami. Sasa hata duka la Cabramatta lilikuwa mbali kwao kama mwezi, kwa hiyo waliishi kwenye bustani hizo kwa maneno. Walilinganisha urefu wa reli ya kuanguka, ile treni inayopanda na kuporomoka, ladha ya aiskrimu, foleni, gwaride, hata harufu ya vyoo. Walizungumza Kiingereza, ninakiweka hapa kwa Kiswahili. Mimi waliniongelesha kwa Kiingereza pia. Nilijibu kwa Kiswahili, na chakula hakikukosa kupikwa.

Njeri alikuwa na hoja nyingi. Wangari alikuwa na moja, lakini ilikuwa kisu.

"Bombo wa Queensland alijua jina langu," alisema. "Aliniinamia, akaniambia sikioni: Wangari. Alilisema sawasawa."

"Kuna mtu ndani," Njeri alisema.

"Najua kuna mtu ndani. Mimi si mtoto. Huyo mtu alijuaje?"

Hapo Njeri alirudi kwenye aiskrimu kila mara. Nami niliendelea kukwaruza ukoko wa sufuria.

Jumamosi moja ya Septemba, serikali ilipoanza kutaja siku ya kufungua, tulikaa sebuleni sote kumwona Njeri mkubwa kwenye televisheni. Rufus alikuwa ameunganisha simu yake na kioo kile kikubwa. Uso wa mama huyo ulijaa ukuta. Kwake ilikuwa bado Ijumaa, jua la mchana likimeta kwenye hereni zake.

"Mama Rufus, hujambo? Bado tunakusumbua huko?"

"Sijambo, Mama Joyceline. Hamnisumbui."

"Tutakupumzisha sasa. Mipaka ikifunguliwa tu, mimi huyo!"

Hapo ndipo nilipojua. Joyceline alitazama kucha zake. Rufus akajikohoza, akaniambia kwa Kiswahili cha haraka, kama mtu anayepita kwenye tope kwa ncha za vidole, kwamba viza yangu ilikuwa ikiongezwa kwa sababu ya ugonjwa tu, kwamba nyumba ina chumba kimoja cha shosho, yaani cha bibi, kwamba Mama Joyceline naye ni mzazi, na kwamba bado hawajaamua lolote.

"Timau kuzuri, Mama," aliongeza. "Hewa safi."

"Ni kuzuri," nilisema. Nilimwona mke wa Zakayo akiinjika chungu chake kwenye mafiga yangu, akinikaribisha chai kama mgeni.

Mwanangu haupendi ukimya; tangu utotoni huutupia mzaha kama watu wanavyotupia mbwa mfupa. "Basi tuwaulize watoto!" akasema, akapiga makofi. "Mdahalo! Bombo gani bora, Kalifonia au Queensland? Bustani itakayoshinda, shosho wake ndiye atakayekuja nasi Queensland tukifunguliwa, na chumba ni chake."

"Rufus," Joyceline alisema.

"Ni mchezo tu, Joy."

"Mimi nitakuwa mwamuzi," alisema Njeri mkubwa, akivaa miwani. "Nataka hoja, sitaki kelele. Mdogo aanze."

Njeri alisimama juu ya kochi. Akasema ya reli, akasema ya aiskrimu, akasema ya gwaride la usiku na fataki. Kisha akaona kwamba watu wazima wanatabasamu, akatafuta cha kuwachekesha, na mtoto anayetafuta hicho hakosi kukipata.

"Halafu, Kalifonia tulikuwa na shosho wa kupanda. Alipanda kila kitu pamoja nasi, hata kile cha kugeuzwa miguu juu. Queensland tulikuwa na shosho wa mikoba."

Rufus alicheka kicheko cha marehemu baba yake, kile kinachoanzia tumboni. Joyceline akasema, "Njeri, adabu!" lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Mwacheni Mama Rufus, jamani," alisema mama wa kwenye ukuta. "Hata mikoba inahitaji mchungaji."

Nikacheka na mimi. Mtu akichekwa nyumbani kwa mwanawe hana mlango mwingine wa kutokea. Kisha nikamtazama wajina wangu, nikingoja. Zamu ilikuwa yake, na kisu alikuwa nacho. Atakitoa, niliwaza, na mimi nitapona nyuma yake.

Wangari alitutazama wote, mmoja baada ya mwingine. Aliona kicheko kiko upande gani. Akaenda jikoni, akarudi na kitambaa cha vyombo kichwani. Aliichukua leso yangu kutoka mkono wa kiti, akaipitisha kwenye mito ya kochi, akajifunga fundo kwenye kifundo cha mguu. Akaketi. Akaachama. Akakoroma kwa filimbi mwishoni, kama ninavyokoroma kweli. Nani alijua kuwa alikuwa amenisikiliza kwa makini hivyo? Kisha akashtuka, mito ikamfuata mguuni, akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi! Mkoba ya Rufus!" kwa sauti yangu mimi, Kiswahili changu cha shule ya msingi, hata kosa langu.

Njeri alianguka chini. Rufus alifuta machozi, akakimbilia friji, akarudi na picha, akaisogeza kwenye kamera ya simu ili Kalifonia nao waone jinsi mtoto alivyopatia. "Mtazameni! Mtazameni wote wawili!"

"Kura!" Rufus alisema. "Shosho wa kupanda, au shosho wa mikoba?"

Njeri aliinua mikono yote miwili. Wangari alikuwa bado anahema, kitambaa kimemwangukia jicho moja. Aliniangalia. Labda kama angenichukia ningestahimili; lakini alikuwa na furaha tu, furaha ya mtu aliyefungiwa nyumbani miezi na sasa amepata watazamaji. Akainua mkono.

"Wa kupanda," alisema.

Watu huniita mvumilivu, nami nimeibeba sifa hiyo kwa miaka mingi. Mvumilivu hula mbivu, husema. Hawasemi kwamba mbivu ikikaa sana kiganjani huchacha.

"Wangari," nilisema, "hukusema hoja yako."

"Ipi, Shosho?"

"Ya Bombo kujua jina lako."

"Aa, hiyo!" Macho yalimng'aa. Alimgeukia nyanyake wa ukutani aeleze, lakini nilikuwa sijamaliza.

"Nitaisema mimi. Mimi ndiye ninayeijua."

Nikaisimulia polepole, maana mimi nikisimulia siachi kitu. Nikawaambia benchi lilikuwa la plastiki iliyopakwa rangi ya mti, limepasuka upande wa kulia, na ukikaa vibaya lilibana paja. Nikawaambia wao walikuwa wamekwenda kwenye reli, foleni ikiwa ndefu. Nyuma ya benchi kulikuwa na ua wa miti, na nyuma ya ua mlango mdogo wa wafanyakazi. Nikasikia mtu anatapika. Nikafungua fundo la mguu, nikachungulia. Bombo alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi. Vijana wawili wenye sare walimzungusha kichwa kama mfuniko wa mtungi, wakakivua, wakakiweka chini kikitazama angani na kile kicheko chake, wakaenda zao.

"Ndani mlikuwa na msichana. Mweusi kama sisi, nywele zimemganda kichwani kwa jasho. Nikasema, 'Pole, mwanangu,' kabla sijakumbuka niko nchi ya nani. Akanijibu, 'Aksanti, mama. Niko nasikia mbaya sana.' Mkongo. Aliitwa Cécile, mwanafunzi. Nikachukua mkoba wa kijani, nikatoa chupa ya maji ya Wangari, ile ya waridi, akanywa yote."

"Ulisema uliimwaga," Wangari alisema.

"Nilisema hivyo."

Hakuna aliyekuwa akicheka tena, lakini bado hawakujua ninakokwenda. Wangari alijua. Alinitazama kama mtu anayeona gari likirudi nyuma kuelekea alipoweka kitu chake.

"Shosho, basi."

"Nikamwambia: mchana atakuja kwako msichana mwenye fulana ya njano, ana pengo hapa mbele. Anaitwa Wangari, kama mimi. Mwite jina lake sikioni. Akasema haiwezekani, wao wakiwa ndani ya tembo hawaruhusiwi kutamka neno, akisikika anafukuzwa. Nikamwambia, mwanangu, umekunywa maji yake, mlipe. Nikamfundisha jina mpaka likamkaa ulimini."

"Basi, Shosho. Tafadhali." Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili.

Ningeweza kuishia hapo. Nililiona hilo wazi, kama mtu anavyoiona ngazi ya mwisho kabla hajaikanyaga. Lakini mwili wangu ulikuwa bado umefungwa kwenye mito ya kochi, ukikoroma kwa filimbi, na mwanangu alikuwa bado ameshika picha.

"Hakukujua," nilimwambia. "Alikutazama kupitia wavu mweusi shingoni mwa tembo, akaona fulana ya njano. Ulikuwa malipo ya chupa ya maji."

Helikopta ilipita juu ya paa, ikazunguka, ikarudi. Kwenye ukuta, Njeri mkubwa alivua miwani, akawa bibi kizee kama mimi. "Nadhani nitawaacha mpumzike," alisema, na ukuta ukawa mweusi.

Wangari hakulia. Aliinama, akafungua fundo la leso kifundoni taratibu, akaitoa kwenye mito, akaikunja pembe kwa pembe kama nilivyomfundisha, akaniwekea mapajani. Kitambaa cha vyombo alikisahau kichwani, akaenda nacho chumbani. Njeri alimfuata, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akisema ameshinda.

Jioni Rufus alikuja kuketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Sikujua, Mama. Ulifanya jambo kubwa namna ile, na sisi tukakupiga picha."

"Nilikuwa sijalala," nilisema. "Nilikuwa nimefumba macho, ninawangoja mje mniambie tembo alisema nini."

Akajipangusa uso kwa mikono yote miwili. "Hutakwenda popote. Nimeongea na Joy. Ameongea na mama yake. Chumba ni chako." Akanishika mkono kama alivyonishika makaburini, akangoja nifurahi.

Nilimshukuru. Chumba kilikuwa kimeshinda. Nilikitazama, dirisha lake, kabati lake, ukuta uliotutenganisha na chumba cha watoto. Upande wa pili hapakuwa na sauti ya reli wala ya aiskrimu. Jumapili nzima bustani hazikutajwa. Nilipika chapati anazozipenda Wangari, zile za kukunjwa mara nyingi zikatoka na matabaka. Alikula moja, akasema asante kwa Kiingereza, akaosha sahani yake mwenyewe. Picha haikurudishwa kwenye friji. Ilibaki sumaku peke yake, tembo akining'inia bila cha kushikilia.

Jumatatu waliketi mezani kama kawaida. Nilijifunga leso kiunoni, nikafungua maji ya moto, nikaanza na vikombe. Mwalimu aliwasalimu, akauliza hali za wazazi, akaanza kusoma majina. Nilikuwa nimeyazoea kama vituo vya treni ya kwenda Parramatta: najua lipi linafuata lipi, na lipi likitajwa nijiandae. Likatajwa la yule mtoto wa Kivietinamu anayetangulia letu. Nikapunguza maji.

"Na sasa, Wendy," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nimepata ujumbe wako, mpenzi. Jina zuri sana. Umenirahisishia. Upo?"

"Nipo," mtoto alisema kwa Kiingereza, mbele yangu, mgongo umenyooka.

Nilitazama chini ya meza. Vidole vyake vya mguu vilikuwa ndani ya viatu. Alikuwa amevaa viatu vya shule, ndani ya nyumba, na kamba amezifunga kwa fundo gumu.

Mwalimu akaendelea na majina mengine. Kikombe kilikuwa kimejaa mkononi mwangu na maji yanamwagika, nami nilikuwa nimesimama pale, mdomo wazi kidogo, kama kwenye picha.